Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utalii na biashara Arusha: kila kazi ya mikono iandikwe ilikotoka

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, Mkurugenzi wa Jiji la Arusha, Wizara ya Maliasili na Utalii, na Tume ya Ushindani (FCC)

YAH: OMBI LA BIDHAA ZA SANAA ZA MIKONO KUUZWA ZIKIWA NA LEBO YA MAHALI ZILIPOTENGENEZWA

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa mjini. Nina duka la chumba kimoja Kijenge, nauza shanga, vikapu, batiki, katambuga na vinyago vya watu ninaowafahamu kwa sura na kwa majina. Biashara ninayoifanya inaitwa biashara ya haki. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anakaa mezani tunapopanga bei, anatangulizwa fedha kabla hajaanza kazi, na mteja akitaka kujua shilingi yake imekwenda wapi anafunguliwa daftari. Utaratibu huu sikuutunga mimi. Shirikisho la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lina misingi 10, na ndani yake imo kwamba fundi wa kazi za mikono akiomba, mnunuzi amtangulizie angalau asilimia 50 ya thamani ya oda bila riba. Kwa mama anayenunua shanga na waya kwa fedha ya mauzo ya maziwa, nusu hiyo ndiyo inayoamua kama oda itafanyika au haitafanyika.

Nina ombi moja. Kila kazi ya mikono inayouzwa kwa mgeni katika mkoa huu ibebe lebo inayosema imetengenezwa wapi, kwa malighafi gani, na kama ni ya mkono au ya mashine. Yote nitakayoandika hapa chini yanazunguka hilo.

Nianze na vinyago, kwa sababu hapo jambo linaonekana kwa macho. Ingieni duka lolote linalouza vinyago kwa wageni, ombeni twiga mweusi, mwulizeni muuzaji ni mti gani. Mtaambiwa mpingo. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitumbukizwa majini kinazama. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu au zambarau kwa mbali, lakini sehemu ya nje, ile ya karibu na gome, ni nyeupe inayoelekea manjano, na mchongaji anayejua kazi mara nyingi huiacha mahali fulani kwa makusudi ili mnunuzi auone mti wenyewe. Sasa chukueni kitambaa cheupe, kilowesheni kidogo, sugueni tumbo la yule twiga. Kitambaa kikitoka cheusi, mmeshika mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu. Nimelifanya jaribio hilo mbele ya wateja wangu walioleta vinyago walivyonunua kwingine kwa bei ya mpingo, na sikufurahi hata mara moja kuwaona nyuso zao zinavyobadilika. Mgeni wa namna hiyo haondoki akiwa na hasira na duka moja tu. Anaondoka akiwa hatuamini sote.

Mchongaji wa kweli anaumia zaidi. Pale Mto wa Mbu kuna wachongaji wa Kimakonde, wengine wamerithi kazi kwa baba na babu zao waliohamia kutoka kusini. Mpingo wao unasafiri kutoka mbali, kwenye misitu ya Lindi na Mtwara, na kila gogo linatakiwa liwe na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) cha kuvunwa na cha kusafirishwa. Tangu 2017 jamii yote ya miti ambayo mpingo umo ndani yake imewekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo hata mnunuzi wa nje anayetaka mzigo mkubwa anauliza karatasi. Fundi huyu anabeba gharama zote hizo, anakaa na kisu na tupa mpaka jioni, kisha kazi yake inawekwa rafu moja na mti uliopakwa kiwi, kwa jina lile lile. Atashindanaje? Njia aliyobakiwa nayo ni kushusha bei, na akishusha bei anachonga haraka, akichonga haraka kazi inaharibika. Vijana wake wanaona, wanakwenda kuendesha bodaboda.

Shanga zina habari ndefu zaidi, na naomba mnivumilie.

Kikundi ninachofanya nacho kazi kipo wilaya ya Monduli. Chukueni ule mkufu mpana ulio bapa, unaovaliwa shingoni na kulala mabegani. Fundi anaanza na waya mwembamba anaoukunja duara, anatunga shanga moja moja mpaka mzunguko uishe, kisha anaingia mzunguko wa pili kwa nje. Kila baada ya upana wa vidole kadhaa anakata pingili ya ngozi ya ng'ombe, anaitoboa matundu yaliyolingana, na kupitisha kila waya ndani yake ili mizunguko isicheze wala isipandane. Akikosea hesabu ya rangi kwenye mzunguko wa tano, anafumua hadi pale alipokosea. Haya yote anayafanya katikati ya kuchota maji, kuni, mbuzi na watoto, kwa hiyo mkufu mmoja unamchukua siku tatu, wakati mwingine nne.

Dukani kwangu mkufu huo ni shilingi 65,000. Fundi anapata 30,000 za kazi ya mikono yake. Shanga, waya na ngozi ni 11,000. Nauli ya mzigo kutoka Monduli, ukigawanya kwa kila kipande, ni kama 2,000. Zinabaki 22,000, nazo ndizo zinazolipa pango, umeme, leseni, kodi, mfanyakazi mmoja na mimi mwenyewe. Bei hii tuliipanga pamoja. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mtu mzima ambaye sisi wote tunamwita koko, yaani bibi kwa Kimasai. Ndiye aliyesema kwamba fundi akilipwa chini ya 30,000 ni heri auze maziwa. Nilikubali kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Hatua chache kutoka kwangu unapatikana mkufu unaofanana na huo kwa 15,000. Umetungwa kwa uzi wa plastiki, hauna pingili za ngozi, umekuja kwenye boksi pamoja na mingine mia iliyo sawa kwa kila rangi na kila kipimo. Umeandikwa "Maasai". Mgeni aliyefika Arusha jana usiku na kesho alfajiri anakwenda Ngorongoro hawezi kuona tofauti kwa dakika tano alizonazo, na hakuna sheria yetu inayofuatiliwa dukani ya kumsaidia aione.

Kuna watu wataniambia kwamba shanga zenyewe hazitoki Monduli. Ni kweli, na lebo ninayoiomba iseme hivyo hivyo. Shanga za kioo ziliingia bara na misafara ya pwani katika karne ya 19, na kwa vizazi vingi zile zilizopendwa zaidi zilitoka Bohemia, nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Cheki. Siku hizi nyingi zinatoka China, ni rahisi zaidi, ila matundu hayalingani na fundi anatupa nyingi. Kilicho cha Monduli ni mkono na ni mpangilio. Akina mama wa Kisongo, tawi mojawapo la Wamasai, wana namna yao ya kupanga rangi, na mama aliyezoea akiushika ushanga wa mtu anaweza kukwambia huyo ametoka upande gani. Ujuzi huo haupo kwenye boksi la kiwandani. Kwa hiyo lebo iseme: shanga za kioo kutoka Cheki, ngozi ya ng'ombe, kazi ya mkono, Monduli. Mgeni atasoma, atalinganisha bei mbili, na ataamua mwenyewe akiwa anajua anachokiamua.

Vivyo hivyo mawe ya Kisii. Maduka mengi mjini yana viboko na visahani vya mawe yale laini, na wateja wanaambiwa ni mawe ya Kilimanjaro. Yanatoka Tabaka, Kenya, na wachongaji wa Tabaka ni mafundi wa heshima ambao nao wanastahili jina lao liandikwe. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki; bidhaa ya jirani inakaribishwa hapa. Iuzwe kwa jina la kwao.

Sasa nije kwenu, FCC. Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963. Inakataza kuuza bidhaa kwa maelezo ya uongo, na mahali bidhaa ilipotengenezwa ni sehemu ya maelezo hayo. Tunawaona mkikamata bidhaa bandia za aina nyingi na kuziteketeza, na kazi hiyo inatusaidia sote. Naomba jicho hilo hilo liguse rafu za vinyago na shanga. Sijasikia kwamba anayeuza kioo cha kiwandani kwa jina la Wamasai anaulizwa chochote, ilhali anayebandika jina la kampuni ya simu kwenye betri isiyo yake anaulizwa.

Kwenu Wizara na Serikali Kuu: Julai 2025 ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina fulani, na maduka ya vinyago na vitu vya kumbukumbu yamo kwenye orodha hiyo. Wengi tulipongeza. Lakini amri ile inauliza mwenye duka ni nani. Haiulizi kilichomo dukani kimetengenezwa na nani. Mtanzania mwenzangu anaweza kujaza duka lake kwa maboksi ya kiwandani kutoka ng'ambo, akawa ametii amri kikamilifu, na fundi wa Monduli asipate hata senti. Mmeshafika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni lebo.

Na tunajua Serikali yetu ikiamua kulinda kitu cha pekee inaweza. Mwaka 2018 machimbo ya Mererani yalizungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kwa sababu tanzanite haipatikani kwingine duniani na ilikuwa inatoroshwa. Tulikubali gharama ile. Mpangilio wa shanga wa Kisongo nao ni wa pekee, na gharama ya kuulinda ni karatasi, mhuri na ofisa biashara anayepita kukagua.

Hata hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa faida. Jirani zetu wa Moshi waliunda ushirika wao wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, na kahawa yao ikajulikana nje kwa jina la Kilimanjaro. Baadaye sehemu ya kahawa ile ikaingia kwenye soko la biashara ya haki, ambako mnunuzi anataka kujua imetoka kwa wakulima gani ndipo alipe nyongeza. Sisemi kwamba mkulima wa kahawa ametajirika. Nasema kwamba jina la mahali lina thamani sokoni, na lisipolindwa wanalitumia wengine.

Lipo jambo la kamisheni, na nitalisema kwa heshima kwa sababu madereva wa utalii ni ndugu zetu. Mwaka 2023 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje, na mwaka 2024 wakapita milioni 2.1. Wengi wa wanaokwenda mbuga za kaskazini wanapita hapa mjini, tena ndani ya gari ambalo dereva ndiye anayechagua lisimame wapi. Dereva mmoja alinipigia simu kwa adabu kabisa: "Dada, nikikuletea wageni wanne wakanunua, mimi napata ngapi?" Nilimwambia ninachoweza kutoa, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi dada, Mungu akipenda nitakutafuta." Simlaumu. Ana ada za shule, na msimu ukifungwa hana mshahara wa maana. Lakini duka linalolipa kamisheni kubwa linaitoa wapi? Ama linampandishia mgeni, ama linambana fundi, na mara nyingi linafanya yote mawili. Ninachoomba kwa Wizara ni kwamba kamisheni iwe jambo la wazi: iandikwe kwenye mkataba wa kampuni ya utalii na duka, na mgeni aambiwe. Ikiwa wazi itashuka yenyewe, na madereva walipwe vizuri na wanaowaajiri.

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, nina machache ya haraka. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri. Shida ya mafundi ni kalenda. Biashara yetu inachangamka kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei mvua za masika zikinyesha mji unakuwa mtupu. Kikundi kinacholipa rejesho sawa kila mwezi kinakwama Aprili, kinaandikwa ni wadaiwa sugu, na kikirudi kuomba tena kinakataliwa, ingawa Julai kingelipa chote. Naomba maofisa maendeleo ya jamii waruhusiwe kupanga marejesho kwa kufuata msimu wa utalii. Tena kikundi kipo Monduli na soko lipo Jiji, kwa hiyo halmashauri hizi mbili zikae pamoja walau mara moja kwa mwaka.

Jambo jingine ni mikutano. Ukumbi wa AICC uko hapa tangu miaka ya 1970, na kila wiki mji huu unapokea wajumbe wanaopewa mkoba wa mkutano. Mara nyingi mkoba huo ni wa nailoni ulioagizwa. Sheria ya manunuzi ya umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Mkoba wa ukili au wa kitenge na shanga kidogo kwenye mfuko unaweza kushonwa hapa hapa, kwa oda kubwa inayojulikana mapema. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, vikapu vilirudi sokoni kwa kasi ambayo sijaiona kabla. Mahitaji yakiwepo, mafundi wapo.

Litaulizwa kama lebo haitawaumiza machinga na akina mama wanaouza barabarani. Nimelifikiri sana swali hilo, kwa sababu wengine wao ndio walionifundisha biashara. Napendekeza utaratibu uanze na maduka yenye leseni tu, na ukaguzi ufanyike pale ofisa biashara anapohuisha leseni, pasiwe na ada mpya. SIDO, ambayo imekuwa ikiwalea wenye viwanda vidogo tangu 1973, iandae lebo ya mfano na kutunza rejesta ya vikundi. Asiyejua kusoma anaandikiwa na katibu wa kikundi. Ndivyo tunavyofanya sisi. Faini iwe kwa anayedanganya, siyo kwa aliyechelewa kupata karatasi. Na jina au picha ya fundi isiwe lazima. Wapo kwenye kikundi chetu wanaofurahi kuona majina yao, na wapo waliokataa kabisa uso wao kupelekwa Ulaya kwenye kipande cha karatasi. Wana haki hiyo. Jina la mahali linatosha.

Waheshimiwa, mwaka 2027 nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda zinatarajiwa kuandaa AFCON, na hapa Arusha ulianza kujengwa uwanja wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya mashindano hayo. Watu watakuja, watanunua. Mabegi yatakayoondoka uwanja wa ndege wa KIA yatakuwa yamejaa kitu fulani. Kazi ya kikundi cha watu 20 haitengenezwi kwa wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Oda zinatakiwa ziwekwe msimu mmoja kabla, shanga zinunuliwe kwa jumla, vijana wapya wafundishwe. Ndiyo maana nawaandikia sasa.

Naomba kikao kimoja, kabla msimu wa Juni haujaanza, ambacho Wizara, Jiji, FCC na SIDO mtakaa na wachongaji wa Mto wa Mbu, akina mama wa Monduli na Longido, wenye maduka wakubwa kwa wadogo, na wawakilishi wa madereva. Nitaleta sampuli za lebo tunazotumia, na nitaleta daftari la malipo la duka langu likaguliwe na yeyote kati yenu. Akina mama wameniambia niwaombe kikao kisiwe siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo hawataweza kuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye duka la kazi za mikono,
Kijenge, Arusha